Malori ya Alfajiri Yaliyoitwa Mwisho

Hesabu nilipata F kidato cha nne, wala sikuwahi kuificha. Kwa hiyo bosi wangu wa ofisi ya kutoa mizigo, pale Kurasini, aliponiambia niandike programu ya kuita malori kwa zamu, nilimtazama kwa mashaka. Nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, cha Chang'ombe, basi. Kitabu cha algoriti, yaani kanuni za kuipangia kompyuta hatua, nilichoazima kilijaa alama za Kigiriki. Nilikiweka chini ya mto nikakilalia, labda kingepenya kichwani.

Programu ikaandikika hivyo hivyo. Madereva walikabidhi karatasi dirishani, mie nikaziingiza, na mzigo ukiwa tayari kompyuta ikatoa jina moja moja. Siku ya tatu wakanizingira.

"Nimefika hapa hata muadhini hajaamka," alisema dereva mmoja mzee, kofia imeinama jichoni. "Huyu kaja saa nne, anapakia. Umekula chake?"

"Shikamoo, mzee. Ni kompyuta."

"Marahaba. Kwa hiyo kompyuta ndiyo imekula?"

Wakacheka wote. Bosi hakucheka.

"Ama mashine inakosea, ama wewe unakula," aliniambia. "Na mashine nimeinunua mpya. Ikifika kesho mchana bado hivi, urudi kwenu ukalale."

Kulala nyumbani ndiyo kazi ninayoiweza, lakini haina mshahara. Nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku tarishi kwamba anabonyezabonyeza nikienda msalani. Nilimshuku yule dereva wa saa nne, kwa nini anatabasamu? Mwisho nikajishuku mwenyewe: labda kweli nimekula, nimesahau tu.

Jioni nilimkuta dada yangu kwake Mwananyamala, katoka kliniki na mtoto, amevimba kwa hasira.

"Karani mgeni yule! Kadi tunaweka mezani, anayekuja anaweka yake juu ya mwenzake. Yule wa zamani alikuwa akiligeuza rundo zima kwanza, ndipo anaita. Huyu kaanza kuita za juu! Waliochelewa wanaingia, sie wa alfajiri tunatazamana. Kala hela za watu yule."

"Huenda hajala," nikasema polepole.

"Unamtetea? Unamjua?"

Nilimjua sana. Ndiye mie. Programu yangu ilikuwa inabandika kila karatasi juu ya mwenzake, halafu inachukua ya juu. Nilikata vipande vitano vya gazeti, nikavipanga sakafuni, nikaita kuanzia chini. Mgiriki hakuhitajika.

Asubuhi nikabadilisha mstari mmoja, bosi kasimama nyuma ya kiti changu kama askari. Jina la kwanza likatoka: yule mzee wa kofia. Hakwenda kwenye lori lake. Alikuja dirishani.

"Mie ndiye wa kwanza?"

"Wa kwanza, mzee."

"Mbona sijakupa kitu?"

"Hujanipa."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Ukapakie, mzee, nibaki kazini."

Akaenda, akageuka kunitazama mara mbili. Bosi hakubanduka mpaka lori la mwisho lilipoitwa, lile la dereva wa saa nne, ambaye leo hakutabasamu.

"Kesho uwahi," bosi akasema. Kisha akainama kwenye kioo cha kompyuta, macho ameyabana. "Umetumia hesabu gani?"

Nikamwambia ni ngumu kueleza.