Hewani, Juu ya Mstari wa Chokaa

Hapa kwetu Rusizi karibu kila mtu amekua na mpira wa miguu, na katika mpira wa miguu mstari ni sehemu ya uwanja. Katika ule wa Kimarekani, tunaoucheza Jumamosi upande wa Kamembe, tukinyang'anyana vitambaa viunoni badala ya kuangushana, mstari ni nje. Mwenye mpira akiukanyaga mstari huo kwa unyayo tu, mpira umekufa, mchezo unasimama. Mimi ni mwamuzi wa pembeni, na kila wiki natukanwa kwa sababu ya chokaa hiyo.

Sheria ninayoipenda ni ya mtu aliye hewani. Akiruka kutoka ndani, bado ni wa ndani, hata kama mwili wake wote unaelea juu ya maharage ya jirani. Mpaka atue. Nikifua nguo huwa naifikiria, najisahau, sabuni inaniponyoka.

Jumamosi moja Papa, baba yetu, alivuka mpaka kutoka Bukavu, anakouza vitenge, aje kumwona mdogo wangu akicheza. Alikuwa amesema wazi: asipoona kitu cha maana, Jumamosi zote kijana atashinda naye sokoni.

Mchezo ukielekea kwisha, timu ya mdogo wangu ilikuwa nyuma kidogo. Mpira ukarushwa juu sana, kwenye kona ya eneo la kufungia pointi, upande wangu. Akiudaka na kutua ndani, wameshinda. Akaruka. Sijui alikaa huko muda gani. Nilimwona kama amewekwa tu pale, mpira mikononi, nyuma yake ziwa limetulia, na moyo wangu ukamwambia usishuke, kaa huko huko. Akashuka. Ncha ya kiatu ikagusa majani, ndani. Kisha kisigino, katika hatua ileile, kikalala juu ya chokaa.

Ncha na kisigino ni hatua moja. Nikapuliza. Watu hudhani filimbi ndiyo inayoua mpira. Wapi! Mpira huwa umeshakufa, filimbi inaleta tu habari ya msiba.

"Arbitri, macho umeacha ng'ambo?" mmoja akapaza.

Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Papa. "Iko ndani! Mustari ni ya ndani! Ni muntu gani amepiga ile filimbi?"

"Ni mimi, Papa."

Mdogo wangu, bado amekaa chini, akatazama kiatu chake. Macho yalimjaa maji. "Ni kweli, Papa. Yaya ameona muzuri." Yaya ndivyo anavyoniita, mimi dada yake mkubwa.

Wakashindwa. Tukapanda kuelekea barabarani, Papa katikati yetu. Kisha akaniuliza:

"Wakati alikuwa hewani, alikuwa wa wapi?"

"Wa ndani, Papa. Alitokea ndani."

"Hata vile alikuwa juu ya maharagi ya batu?"

"Hata vile."

Akatembea kidogo, akitikisa kichwa kama anayeonja kitu.

"Ile sheria ni muzuri sana. Lakini nimepiga makelele ya bure mbele ya batu, niko na haya. Jumamosi ingine nitarudi huku. Weye, Maman," akaniambia, kama anavyoniita mimi binti yake, "utanifundisha kwanza." Akamgeukia mdogo wangu. "Na weye, ujifunze kushuka na vidole."