Ukuta wa Timazi

Baba mkubwa alikuwa mwashi. Watu walimpachika jina la Timazi, ile kamba yenye chuma mwishoni ambayo waashi hupimia kama ukuta umesimama wima, kwa sababu hakuvumilia kitu kilichopinda. Akija kwetu kula, alinyoosha picha ukutani kabla hajanawa mikono. Mama alizipinda makusudi ili amchokoze.

Yeye na baba waligawana kiwanja cha babu, na katikati akajenga ukuta kwa mikono yake. Baada ya miaka michache ukuta ukapinda, nusu yake ikasogea na kuingia upande wa baba mkubwa. Akaubomoa, akaujenga upya. Ukapinda tena, palepale. Hapo akamjia baba juu.

“Unachimba chini ya ukuta wangu, wewe!”

“Kaka, mimi nina kazi zangu. Sina muda wa kuiba kiwanja kwa kijiko.”

Mzaha ule ulimwaga petroli kwenye moto. Wakanuniana miaka nenda, miaka rudi. Harusi yangu ilifanyika uani kwetu, naye hakutia mguu, ingawa ngoma alizisikia kitandani kwake. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Hatimaye baba akachoka, akatafuta mnunuzi wa nyumba ili ahamie kwangu. Nilikuja kumsaidia kufungasha, nikijua akishaondoka wale wawili watazikana bila kusemeshana.

Wakati huohuo wapimaji wa ardhi, waliokuwa wamefunga kifaa chao juu ya paa la shule miaka kadhaa, wakaitisha mkutano. Mama mmoja kati yao akatueleza kwamba gamba la dunia limekatika vipande, na kwamba sisi tumekaa ukingoni mwa kimojawapo, kidogo, kilichobanwa kati ya viwili vikubwa. Vikubwa vinakwenda kila kimoja njia yake, na hiki kidogo kinazungushwa polepole, mwendo wa ukucha unavyoota. Kwa muda mrefu kuliko akili inavyoweza kubeba, mzunguko huo umeinua vilima vya mashariki, umefungua bonde lenye ziwa magharibi, na umeukunja mto wetu pale sokoni. Akachora ukingo kwenye ramani ya mji. Ulipita chini ya posta, ambayo ngazi zake hazijawahi kukaa sawa, kisha ukakata kiwanja cha babu.

Baba mkubwa alikuwa amekaa kiti cha mbele. Aliondoka bila kumuaga mtu.

Asubuhi iliyofuata tukasikia nyundo.

“Anabomoa tena,” baba alisema. “Mwache ajichoshe.”

Lakini nyundo ilinyamaza mapema. Tukatoka. Alikuwa ametoboa ukuta pale ulipopindia tu, na sasa alikuwa akilainisha kingo za pengo kwa saruji, akiwa ametupa mgongo.

“Ardhi inapita hapa,” alisema. “Nikiziba, itavunja tena. Kila nusu ibaki peke yake, isogee inavyotaka.” Akaweka mwiko chini. “Nilikusingizia, mdogo wangu. Miaka yote hii.”

Nilimwangalia baba. Midomo ilimcheza, nikadhani atamtukana. Badala yake akapita pengoni kiubavu, tumbo likikwaruza saruji mbichi, akasimama upande wa pili, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu nikiwa mtoto.

“Mnunuzi anakuja lini?” baba mkubwa aliuliza, hamwangalii.

“Kesho. Utampokea wewe, umwambie nyumba haiuzwi. Mimi hasira zangu bado hazijaisha, sitaki kuongea na watu.”