Konkombre ya Kamba Nyekundu

Ile mwaka tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, vita ikizunguka Bunia, mama alilea miche ya konkombre, yaani matango, ndani ya nyumba ya plastiki ya kukuzia mboga kule Mudzipela. Zilipozaa, zote tulizimaliza na maganda yake. Moja tu, nene kupita zote, aliifunga kamba nyekundu, ikomae kwa mbegu. Asubuhi ya kukimbilia Komanda nililia njaa, nikaomba ile.

«Ile ya mbegu haikatwe,» mama alisema. «Tutairudia.»

Tukaiacha inaning'inia.

Leo, mu nyumba ya plastiki ya binti yangu, joto inanuka vilevile. Nimefunga kamba kwa konkombre moja. Mujukuu wangu, meno manne tu lakini kichwa nguvu ya mama yangu, anaililia.

«Mama, mupatie tu,» binti anacheka. «Hii ni hibridi, mbegu yake haizae sawa.»

«Ile ya mbegu haikatwe,» ninamujibu.