Mishiri ya Kuchoma kwa Mama Asiyesikia Ladha

Mama yangu aliacha kusikia ladha mwezi wa Julai, wakati ule wa baridi ambapo sisi wa Nyeri hukaa siku nyingi bila kuona jua wala mlima. Alishikwa na homa ya kifua, akalala wiki mbili, na asubuhi aliyoketi mwenyewe kitandani akaniambia uji hauna sukari. Nikaongeza. Akasema bado. Nikachukua kijiko nikaonja, na utamu ukaniuma meno.

"Mami, hii uji iko na sukari mingi," nikamwambia.

"Basi ni mdomo yangu," akasema, akarudisha kikombe.

Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto yeye huniita mami, nami humwita mami. Wageni hudhani tunataniana.

Alikuwa mpishi. Kwa miaka ishirini na sita alipikia wasichana wa shule ya bweni, na alipostaafu, kina mama wa kanisa wakampa usukani wa upishi katika harusi na sherehe za mahari. Hakupima kitu kwa kikombe wala kijiko. Angesimama mlangoni tu, avute pumzi, na aseme, "Ongezeni maji kwa maharagwe," na ukifunua sufuria unakuta kweli, maji yamebaki kidogo chini. Mimi sikurithi hata robo ya hayo. Jikoni kwake nilikuwa mtu wa kuosha vyombo. Nilikwenda Nairobi nikafanya kazi ya ofisi na kuolewa, na ndoa ilipovunjika nikarudi nyumbani nikiwa na miaka arobaini na moja, najua kupika chai na mayai.

Daktari wa pua na koo, pale mjini, alimwangalia kwa tochi kisha akasema ugonjwa ulikuwa umeharibu mishipa ya harufu na ya ladha, na bila hiyo ulimi hubaki kama kipande cha mbao.

"Itarudi?" nikauliza.

"Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Tungojee."

Alimpa zoezi. Kila asubuhi anuse vitu vinne: karafuu, ganda la limau, kahawa, na majani ya mkaratusi, kila kimoja akifikirie huku akinusa. Mama alilifanya zoezi lile kama sala. Aliketi mezani, akafumba macho, akasogeza kisahani cha kwanza puani, kisha cha pili. Mimi nilikuwa nikisubiri na chai.

"Ni hewa," alikuwa akisema akimaliza. Kila siku neno hilohilo.

Mwezi wa Septemba jirani alimwoza binti yake, na mama akaitwa kusimamia mchuzi wa mbuzi. Nilimsihi asiende. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Alitia chumvi kwa mazoea, akageuka kutoa maagizo kuhusu mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, akasahau, na kwa kuwa hakuweza kuonja, akatia tena. Mimi nilikuwa nikimenya vitunguu upande wa pili. Nilimwona mama mmoja akionja, akafunga mdomo, akamkonyeza mwenzake. Wakasubiri mama yangu aende kuangalia wali, wakamwaga nusu ya mchuzi nyuma ya banda, wakaongeza maji na viazi. Hakuna aliyemwambia. Lakini mtu aliyepika maisha yake yote hujua kiasi cha mchuzi alioacha kwenye sufuria. Aliporudi alifunua, akatazama, akafunika polepole.

Katika harusi iliyofuata walimletea kiti mbele, karibu na wazee. "Leo wewe kaa upumzike, mama. Umetupikia ya kutosha." Walisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alirudi nyumbani saa tisa mchana akalala na viatu.

Baada ya hapo alianza kukonda. Nilipika nilivyoweza. Nilitia pilipili mpaka mimi mwenyewe nikatokwa na machozi, naye akasema anasikia moto lakini hasikii chakula. Nyama alisema ni kama kutafuna kitambaa. Githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, alisema ni kokoto zilizolowa. Alikula kwa sababu nilikuwa nimeketi mbele yake.

Tata, yaani dada yake mdogo, hulima mishiri upande wa Kerugoya, yale maharagwe machanga, membamba na ya kijani, yanayopelekwa ng'ambo. Wanunuzi hawataki yaliyopinda. Siku moja alitujia na mfuko mzima wa mishiri iliyokataliwa, akasema tuwape ng'ombe kama hatuitaki. Nilikuwa nimeona kwenye simu mwanamke akichoma mishiri kwenye oveni na kuimwagia sosi, na ilionekana kazi rahisi hata kwa mtu kama mimi.

Oveni hatuna. Nilifanya kama watu walivyokuwa wakioka keki zamani: sufuria nzito juu ya jiko, mfuniko wa bati, na makaa mengine juu ya mfuniko. Mama alikuwa kwenye stuli karibu na mlango, shuka mabegani, akinitazama nikiosha mishiri na kukata ncha.

"Kausha," akasema.

"Nini?"

"Kausha na kitambaa. Ukiweka na maji itachemka, haitachomeka."

Nilikuwa sijamsikia akiagiza kitu jikoni tangu ile harusi. Nikakausha moja moja. Nikaipaka mafuta na chumvi kidogo kwa mikono, na yeye akasema niitandaze isilaliane, na nisifunue funue. Nilifunua mara moja tu, nikatikisa. Baada ya kama robo saa ngozi ilikuwa imekunjamana na ncha zimeanza kuwa nyeusi. Kwenye kikaango kidogo nilikaanga kitunguu saumu na tangawizi, nikatia sosi ya soya, kijiko cha asali, maji ya limau, na karanga nilizoponda, nikaimwagia mishiri sosi yote ikiwa bado inachemka. Jikoni palijaa harufu nzuri kiasi kwamba niliona aibu, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa.

Alichukua mshiri mmoja kwa vidole. Akauma. Ukavunjika, nikausikia mlio kutoka nilipokuwa.

"Unasikia kitu?" nikauliza.

"Ladha, hapana." Akauma mwingine. "Lakini inalia. Na hii karanga inajibu."

Alimaliza sahani. Nilitoka nje nikijifanya naenda kuleta kuni, nikasimama nyuma ya ghala nikalia, kwa sababu niliamini tumepata mlango.

Basi nikaipika kila siku. Tata alituma mfuko mwingine. Mishiri ilipoisha nilichoma brokoli, nilichoma sukumawiki mpaka zikawa kama karatasi, nilichoma hata majani ya maboga. Sosi niliibadilisha kila mara, nikiongeza ukwaju au siki, nikiwaza kwamba siku moja kitu kimoja kitapenya. Naye alikula, na kila alipotafuna nilikuwa nauliza, "Na leo?"

Wiki ya tatu aliweka uma chini.

"Mami, acha."

"Haijaiva?"

"Imeiva. Wewe umekuwa mpishi. Lakini unanitazama mdomo kama mtu anangoja matokeo ya mtihani, na mimi nafeli kila siku." Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. "Siku ya kwanza ilikuwa kelele mpya. Sasa ni kelele."

"Daktari alisema tungojee."

"Daktari ni kijana. Ako na wakati."

Nilikaa nikitazama sosi ikiganda kwenye sahani. Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kufanikiwa kwa jambo lolote katika nyumba hii mpaka wiki hizo tatu, na kwamba naogopa kuacha. Lakini hayo yalikuwa ya kwangu, na yeye alikuwa amebeba ya kwake.

Asubuhi iliyofuata hakuketi na visahani vyake. Nilivipanga mezani kama kawaida. Akapita, akafungua redio. Siku ya tatu nikaviosha nikaviweka kabatini.

Tulirudi kwa daktari mara moja tena, baada ya Krismasi. Alimpima, akaandika, akasema ikifika mwaka na nusu bila mabadiliko basi huwa ndivyo hivyo. Hakutupa tarehe nyingine ya kurudi. Nje ya kliniki kulikuwa na mtu akichoma mahindi, na watu wamemzunguka wakiunusa ule moshi kwa furaha. Mama alipita katikati yao bila kugeuza kichwa.

Mwaka na nusu umepita. Sasa anakula kwa saa. Habari za mchana zikianza redioni, anakuja mezani, anakula vijiko vinane vya chochote kilichopo, ananishukuru, anarudi kwenye kiti chake. Nguo zake nimezipunguza mara mbili. Kina mama wa kanisa huja kumsalimia na hawataji chakula. Wanazungumza habari za mvua na za watoto, na wakiondoka naona jinsi wanavyoshusha pumzi.

Bado nachoma mishiri, lakini hungoja awe amelala baada ya chakula cha mchana. Nakula nikiwa nimesimama, mlango wa jikoni nimeufunga ingawa najua harufu haiwezi kumfikia. Siku moja alinikuta. Alisimama mlangoni akaitazama sufuria, akanitazama mimi na mafuta midomoni.

"Ni tamu?" akauliza.

"Si sana, mami."

"Usinidanganye. Mimi ni mpishi, naona kwa rangi." Akachukua kikombe alichokuwa amekijia, akajaza maji, akarudi sebuleni. Nilibaki na kile nilichokuwa nacho mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kukimeza.