Pindo la Vidole Vitatu

Fundi cherehani alikuwa na kazi mbili: kushona nguo, na kuchunga kundi la majirani kwenye simu. Cherehani angalau hunyamaza ukiondoa mguu.

Wiki hiyo muuza nyama, mtu asiye na breki mdomoni, aliandika kundini mambo mawili. Kwanza, suruali aliyoshonewa na fundi ilimpasukia mbele ya wakwe. Pili, watu wa ng'ambo ya mto ni kunguni, wafukuzwe.

Waliotoka ng'ambo ya mto mtaani hapo walikuwa nyumba moja tu, ya Mama Mikate. Asubuhi alileta kitambaa cha sare ya shule ya bintiye.

"Usiache pindo la kuongezea, fundi. Mwakani hatupo hapa."

Sindano ikamchoma fundi kidole.

Kundini majirani waligawanyika. "Mtoe huyo!" "Ukimtoa, tutajua ni kisasi cha suruali!" Fundi hakupenda kumziba mtu mdomo. Lakini kumwona jirani akifungasha vyombo kulimchukiza zaidi.

Jioni muuza nyama akaja kurekebishiwa suruali. Fundi akamvalisha, akamjaza pini kiunoni hadi mapajani.

"Ukitikisika, shemeji, usinilaumu."

Mara Mama Mikate akaingia na bintiye kujaribu sare.

"Mmefika vizuri," fundi akasema. "Shemeji, tusomee ulivyoandika."

La suruali alilisoma kama dalali mnadani, hadi mlio wa kupasuka akauiga. Mtoto akacheka, na fundi pia.

"Na la pili?"

Muuza nyama akatazama simu, akamtazama mtoto. "Hapa... macho yangu hayaoni vizuri."

"La suruali yaliona."

"Fundi, nina uhuru wa kusema!"

"Ndiyo nakwambia sema. Wenyewe hawa hapa."

Akageuka akimbie; pini zikamrudisha. "Yalaa!"

Mama Mikate akauliza polepole, "Baba, mkate wa kunguni unaulaje kila asubuhi?"

Muuza nyama akabonyeza simu, akalifuta la pili. "Nisamehe, mama."

"Uombe radhi kulekule ulikotukania," fundi akasema.

Muuza nyama akaandika kundini. "Na la suruali nifute?"

"Liache. Mshono ulikuwa mbovu kweli."

Mama Mikate hakusema amesamehe. Alikunja ukingo wa sare, akaupima kwa mkono.

"Fundi, acha pindo. Vidole vitatu. Mtoto anakua."

"Na mimi niachie kidogo," muuza nyama akasema. "Huku nyuma."