Bi Somoe Ahesabu Mtaa kwa Unga

Wewe unayelala kwenye nyumba inayofikiwa na gari hadi mlangoni, umewahi kujiuliza mtoto atakayezaliwa Tandale kesho atajenga wapi akikua? Usikimbilie kusema Chanika au Bunju. Huko nako kunajaa, na anayehamia huko hurudi mjini kila siku kwenye kazi ileile aliyoiacha.

Bi Somoe hakukimbilia kokote. Ni mama lishe wa soko la Tandale, mzaliwa wa Lindi, na kwa miaka ishirini na mitatu amewapikia ugali wabeba mizigo. Ni mjumbe wa shina pia, cheo kisicho na mshahara wala meza. Mwaka juzi mkwewe Hamida, mke wa mwanawe, alishikwa na uchungu. Gari likashindwa kuingia uchochoroni, ikabidi asukumwe kwa mkokoteni wa viazi. Mtoto alizaliwa juu ya magunia, akapona kwa kudra za Mungu. Tangu siku hiyo Bi Somoe alikuwa na wimbo mmoja tu: barabara.

Basi manispaa ilipomleta Revelian, kijana wa Kihaya, mpangaji miji aliyetoka chuoni juzijuzi, achore mpango wa mtaa wa miaka ishirini ijayo, Bi Somoe ndiye aliyempokea. Revelian alipita nyumba hadi nyumba na fomu zake, akapata watu mia sita na arobaini. Kwa idadi hiyo, isiyofika elfu moja, aliruhusiwa kuchora njia ya miguu tu. Hakuna barabara, hakuna bomba la majitaka, hakuna ruhusa ya ghorofa.

"Shikamoo mama. Kazi imekwisha," alisema, akimwonyesha karatasi.

"Marahaba. Mia sita?" Bi Somoe aliuacha mwiko sufuriani, akacheka mpaka wabeba mizigo wakageuka. "Nyie Wahaya mmesoma mpaka mmesahau kuhesabu! Hao ni foleni ya choo tu, mwanangu. Uliwauliza nini?"

"Niliwauliza wana watoto wangapi."

"Ndiyo hapo ulipokosea. Nani atakutajia idadi ya wanawe, uwatie kijicho? Mzee Mwinshehe, jirani yangu wa ng'ambo, alikwambiaje?"

"Wawili watatu, wengine Mungu anawajua."

"Mwinshehe huyuhuyu? Haya, twende."

Hakumuuliza mtu habari za watoto. Aliuliza unga. Jiko limemfundisha kwamba kilo moja ya sembe inashibisha watu wazima wanne au watoto saba, na hakuna mwanamke anayeogopa kutaja unga wake. "Jana mmesonga kilo ngapi, shoga?" aliuliza kila mlango, Revelian nyuma yake akiandika huku jasho linamtoka. Kwa Mwinshehe, fundi seremala mstaafu, mkewe alijibu bila kufikiri: tatu. Mzee akakohoa kizingitini.

"Kilo tatu, watoto wawili?" Bi Somoe alimgeukia. "Wamemeza mashine ya kusaga, au?"

Hata mzee mwenyewe akacheka. Akaanza kuwataja wajukuu wake kwa majina, mmoja mmoja, bila kusema jumla yao. Nyumba zilizofuata nazo zikataja majina. Revelian alipoyajumlisha ofisini alikuta watu elfu moja, mia moja thelathini na saba. Aliona aibu kwa fomu zake, na akampenda yule mama kama anavyopendwa mwalimu.

Mchoro ukabadilika. Ukapata barabara ya mita sita, bomba, na nyumba za kupanda juu ili watoto wabaki karibu na soko linalowalisha. Ila kila nyumba ya pande mbili za uchochoro ilitakiwa kuachia mita mbili za mbele, kwa hiari na kwa sahihi ya mwenyewe. Mmoja akikataa, mchoro umekufa.

Kwenye mkutano wa Alhamisi jioni waliinua mikono wote isipokuwa Mwinshehe.

"Mie ukuta wangu wa mbele nimeachiwa na marehemu baba. Leo nimege mita mbili, kesho mtakitaka kitanda."

"Mzee, barabara ni ya wajukuu wako," alisema Revelian kwa moto.

"We dogo, umekuja na begi, utaondoka na begi. Mie nitabaki na nini?"

Bi Somoe hakumsuta mzee. "Umesema kweli, kaka," alisema. "Anayeomba atangulie kutoa." Akaaga, akaenda zake. Mchoro ulitakiwa manispaa Ijumaa saa nne, uwe na sahihi zote au usiwe nazo.

Kesho yake saa moja asubuhi Revelian alifika kukusanya vifaa vyake. Alimkuta Bi Somoe amejifunga kanga kiunoni, anabomoa kwa mtaimbo chumba chake cha mbele, kile alichokijenga tofali kwa tofali. Ukuta mmoja ulikuwa umeshalala. Ng'ambo, Mwinshehe alisimama na mswaki mdomoni, akimtazama. Kisha akatema povu, akavuka, akamnyang'anya ule mtaimbo.

"Utajiponda mguu, mama we," alisema. Akamgeukia Revelian. "Lete karatasi yako."

Alirudi nao ng'ambo kwake, akatia sahihi akiwa ameiegemeza karatasi kwenye ukuta aliorithi. Alipomaliza, alirudi nyuma hatua mbili, akainua mtaimbo, akaupiga ukuta huohuo.