Zamu Yangu ya Kumlilia Bibi

Jamani, nimeishi na bibi yangu nyumba moja tangu nizaliwe, lakini nilikuja kumjua siku tuliyokuwa tunamlilia.

Tunakaa Amadora, nje kidogo ya Lisbon, Ureno. Sisi watu wa visiwa vya Cabo Verde tumejaa mtaa mzima.

Bibi, Nha Maninha, yaani Bi Maninha, kwangu alikuwa mtu wa kutabasamu tu. Ananipakulia kachupa, chakula chetu cha mahindi na maharage, ananishika shavu, basi. Kireno chake kiliishia kwenye "kula" na "lala".

"Mama, mbona bibi haongei?"

"Ndivyo alivyoumbwa, Nilda. Mkimya."

Mama mwenyewe nyumbani Kireno kitupu. Kikrioli, lugha ya kwao visiwani, alisema kilishamtoka kichwani.

Nikaamini. Mama mzazi unamshuku vipi?

Bibi akafariki. Kwetu wanawake humlilia marehemu kwa maneno. Unamwita, unamsimulia maisha yake, unamtuma salamu kwa waliotangulia. Nikashangaa, wenzangu wanalia huku wanacheka.

"Wanacheka nini?" nikamuuliza jirani yetu, Nha Filó.

"Vituko vya bibi yako! Mtaa huu nani alimuweza kwa hadithi? Kwani wewe si ndiye uliyeishi naye?"



Zamu yangu ikafika, mjukuu wa pekee. Nikapiga magoti. Kikrioli sina, na Kireno bibi hakukielewa. Nikabaki naita tu, "Bibi! Bibi!" kama mtoto aliyepotea sokoni. Aibu niliyoisikia, wee acha tu.

Ndipo mama akajitupa sakafuni. Akalia kwa Kikrioli, maneno yanamtiririka, hakwami popote.

"Anasema nini?"

Nha Filó akaniinamia sikioni. "Anaomba msamaha, mwanangu. Anasema, 'Mama, nilikuapisha usimsemeshe mtoto wangu, ukanitii mpaka unakufa.'"

Nilimfuata mama jikoni kwa hasira.

"Kwa nini?"

"Mwalimu wako wa chekechea alisema Kikrioli kitakufanya ubaki nyuma darasani. Sikutaka wakucheke."

"Kwa hiyo ukaninyima bibi?"

Akainamia sufuria.

Wazazi mlioko Ulaya, mpeni mtoto lugha zote mlizonazo. Asiyoitaka ataiacha mwenyewe.

Siku hizi mama ananisemesha Kikrioli kutwa nzima. Ni kitamu, na ndicho kinachoniuma.

Namjibu kwa Kireno.